Usukani wa Kiwandani na Usukani Uliohamishwa

Jaguar E-Type ilizinduliwa Geneva mwezi Machi 1961, na hadi ilipoacha kuundwa katikati ya miaka ya 1970, kiwanda cha Coventry kilikuwa kimetoa zaidi ya magari 72,000 ya aina hiyo. Mengi yalivuka bahari, hasa kwenda Marekani, yakiwa na usukani kushoto. Miaka ilivyopita, baadhi yalirudi Uingereza na mengine yakaishia Australia, nchi ambazo watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, na mafundi wakayawekea usukani kulia. Ndiyo maana mnunuzi wa leo haulizi tu usukani uko wapi. Hilo analiona kwa macho. Anauliza kama ulikuwa hapo tangu mwanzo, kwa sababu jibu linagusa bei na linagusa namna kazi ilivyofanywa chini ya bati. Kiswahili kinahitaji jina la kazi hiyo ya fundi, na pia jina la hali inayobaki baada ya fundi kuondoka. Ninaona haya ni mambo mawili, wala tusiyafunge katika neno moja.

Kwa kazi yenyewe, neno linalokuja kwanza ni kubadilisha usukani. Lakini mwambie fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, kwamba gari limebadilishwa usukani, naye ataelewa kuwa duara la zamani limetolewa na jingine likafungwa palepale. Kugeuza usukani ndiko kubaya zaidi, maana dereva huugeuza kila apatapo kona. Kinachobaki ni kuhamisha usukani, na nomino yake uhamishaji wa usukani. Kuna atakayepinga kwamba katika biashara ya magari kuhamisha ni mambo ya umiliki na kadi ya gari; sawa, lakini anayehamisha umiliki hutaja umiliki, na neno usukani likitajwa utata unakwisha. Pingamizi lenye uzito ni la fundi mwenyewe: hakuna kilichohamishwa. Reki ya stelingi ya gari la kushoto haivutwi ikapelekwa kulia. Hufungwa nyingine iliyoundwa kwa upande huo. Pedali nazo hupata nafasi mpya kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, na stelingi inapata majirani wengine, kwani injini ya XK ya silinda sita ina kabureta upande wa kulia na mabomba ya moshi upande wa kushoto. Taa kubwa lazima zielekee kwingine zinaposhushwa. Yote ni kweli, ila kinachohama hapa ni nafasi ya dereva, na Kiswahili kimezoea kuiita nafasi hiyo usukani. Tunaposema fulani yuko kwenye usukani, hatuna maana kwamba amekalia duara.

Faida nyingine ya kuhamisha ni kwamba hakutaji upande. Wasemaji wa Kiswahili wamegawanyika barabarani: Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto, ilhali Burundi, Rwanda na Kongo hupita kulia. Istilahi iliyobeba neno kulia ndani yake ingefaa Mombasa na kumpotosha mtu wa Bujumbura, ambako safari ya usukani ni ya kinyume.

Hali inayobaki ndiyo ngumu kuipa jina. Wengi wangesema usukani wa asili, lakini asili ni neno linalonyumbulika mno. Muuzaji anaweza kuliegemeza kwenye duara la mbao ambalo kweli ni la mwaka 1964, huku nafasi ya dereva ikiwa ngeni kabisa. Napendekeza usukani wa kiwandani, dhidi ya usukani uliohamishwa, kwa sababu kiwanda kiliacha ushahidi. E-Type za wazi za lita 3.8 zenye usukani kulia zilianzia namba ya chasisi 850001, na za kushoto 875001. Zenye paa zilianzia 860001 na 885001. Zilipokuja za lita 4.2, za wazi za kulia zilianzia 1E1001 na za kushoto 1E10001, tarakimu moja zaidi. Mtu asiikariri hiyo kama kanuni, kwani katika toleo la pili, lililofuata baada ya hizo, mwanzo wa za wazi ni 1R1001 na 1R7001, na urefu wa namba hausemi chochote. Aliye na gari la wazi lenye namba inayoanza na 875 na usukani kulia ana usukani uliohamishwa, hata kama kazi ni safi kiasi gani.

Je, kibati chenye namba ya chasisi hakiwezi kubadilishwa? Kinaweza, na ndiyo sababu namba husomwa pia pale ilipogongwa kwenye fremu ya mbele, upande wa kulia juu ya kishikio cha shokapu, kisha ikalinganishwa na namba za injini na bodi zilizo katika cheti kinachotolewa kutokana na kumbukumbu za kiwanda. Wengine husema kazi nzuri haina haja ya jina, na huificha ndani ya neno ukarabati. Hapo siwafuati. Ukarabati hulirudisha gari lilivyokuwa. Uhamishaji hulipa sura ambayo halikuwahi kuwa nayo. Si aibu, na mwenye kulitumia gari kila siku katika barabara za London huenda akaupenda kuliko usukani wa kushoto. Anachopaswa kukikuta kwenye tangazo ni neno uliohamishwa, limeandikwa kando ya bei. Na gari ambalo mmiliki wa baadaye aliligharimia likarudi kushoto kama lilivyotoka Coventry? Hilo tuliite lenye usukani uliorejeshwa, tusiliite la kiwandani, kwa kuwa ukuta wake wa bati umekwisha kukatwa mara mbili.