Mhandisi na Jengo la Kale: Njia ya Masomo kutoka Leuven hadi Kasubi

Katika Orodha ya Urithi wa Dunia inayotunzwa na UNESCO, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina maeneo matano, na yote yameandikishwa kwa ajili ya misitu, milima na wanyama wake, wala hakuna hata moja lililoingia kwa ajili ya jengo lililosimamishwa na mikono ya watu. Hifadhi ya Virunga, iliyo jirani na mashamba ya Beni na Lubero, ilitangulia mengine mwaka 1979. Kwamba nchi inajulikana kwa sokwe wake kuliko kwa kuta zake si jambo la bahati tu, kwani sehemu ya sababu imo katika historia ya wahandisi: walikopelekwa kusoma, walichofundishwa huko, na kile ambacho kwa muda mrefu hakikuwamo katika masomo yao, yaani uhifadhi wa majengo ya kihistoria, elimu ya kuchunguza jengo la zamani, kujua linavyobeba uzito wake, kutambua linakougua, na kulitengeneza bila kulipotezea asili yake.

Hata Ulaya, elimu hiyo ni changa ikitazamwa kama somo la chuo kikuu. ICCROM, taasisi ya kimataifa ya mafunzo ya uhifadhi, ilianza kazi Roma mwaka 1959, na Hati ya Venice, inayoweka kanuni za kutengeneza majengo ya kale, ilipitishwa mwaka 1964. Mmoja wa waandishi wake wakuu, Raymond Lemaire wa Ubelgiji, alianzisha mwaka 1976 katika mji wa Bruges kituo cha kufundisha wasanifu majengo, wahandisi na wanahistoria wa sanaa kutoka nchi mbalimbali, kituo kilichohamia Chuo Kikuu cha Leuven mwaka 1981. Chuo hicho kilikuwa na somo kubwa mlangoni pake, kwa sababu mwaka 1962 kilikuwa kimenunua mtaa mzima wa kale uitwao Groot Begijnhof, uliokuwa umechakaa vibaya, na chini ya uongozi wa Lemaire nyumba zake zilitengenezwa moja baada ya nyingine zikawa makazi ya wanafunzi na walimu.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi, masomo ya namna hiyo humgeuzia mpangilio wote wa fikra. Katika ujenzi mpya yeye huanza na nyenzo anayoijua nguvu zake, kama zege au chuma, kisha akakokotoa unene wa nguzo na urefu wa boriti. Katika jengo la kale, nguzo na boriti zipo tayari, pengine kwa karne kadhaa, na lisilojulikana ni nguvu ya nyenzo yenyewe, njia ambayo uzito hupita kutoka paa hadi msingi, na sababu ya ufa unaoonekana ukutani. Hapo mhandisi hana budi kupima kabla ya kukokotoa, na kungoja kabla ya kupima tena, maana ufa uliotulia na ufa unaoendelea kupanuka hutibiwa kwa njia mbili tofauti kabisa.

Kongo ilikuwa karibu sana na chimbuko hilo, na bado halikuifikia. Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa karibu na Kinshasa mwaka 1954, kilizaliwa na Chuo Kikuu cha Leuven, au Louvain kwa Kifaransa, hicho hicho ambacho baadaye kilikipa kituo cha Lemaire makao. Lakini uhuru ulipofika mwaka 1960 wahitimu wa Kikongo walikuwa wachache mno, na nchi iliwahitaji wahandisi wake kwa barabara, madaraja na mitambo ya umeme, kama ule wa Inga wa kwanza uliokamilika mwaka 1972. Aliyetumwa ng'ambo kusomea ujenzi alitarajiwa kurudi na elimu ya zege. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Hata hivyo gharama yake ilikuwa kubwa, kwa sababu kizazi kizima cha wataalamu kilizoea kuuona ukuta wa udongo kama alama ya umaskini inayongoja kubomolewa.

Katika nyanda za juu za Lubero, palipo mahali paitwapo Kipese, na kuelekea Butembo na Beni, ukuta wa udongo ndio ujenzi wenyewe kwa watu wengi. Miti husimikwa, matete au mianzi hufungwa kwa mlalo, na udongo uliokandwa hujaza nafasi. Kando yake yapo majengo ya matofali ya kuchoma yaliyoletwa na wamisionari, hasa baada ya Waasumpsionisti kufika Beni na Lubero mwaka 1929. Na ipo kyaghanda, nyumba ya mkutano ya Wanande, ambamo wazee huota moto na kusikiliza kesi za ukoo. Udongo hustahimili vizuri uzito unaoukandamiza kutoka juu, lakini hauna nguvu dhidi ya kuvutwa, na adui yake mkuu ni maji. Ndiyo maana paa lenye upenu mrefu na msingi ulioinuliwa juu ya ardhi, mambo ambayo mafundi wa milimani kunakonyesha sana hawahitaji kufundishwa na mtu, ni uhandisi kamili hata kama haukuandikwa popote.

Uhandisi huo ulipata shule yake Ufaransa. Mwaka 1979 kundi la watafiti liliunda CRAterre mjini Grenoble, na mwaka 1984 shule ya usanifu majengo ya mji huo ikafungua masomo ya uzamili ya ujenzi wa udongo, yaliyowavuta wasanifu na wahandisi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Huko mwanafunzi hulowesha udongo, huuchekecha, huupima mfinyanzi na mchanga wake kwa mikono kabla ya kuingia maabara. Hapo safari ya kwenda ng'ambo ilimfundisha kijana wa Kiafrika kuheshimu kile alichokiacha nyumbani.

Pwani ya Waswahili ilikuwa imepitia somo chungu la namna nyingine. Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliuchunguza mji wa Lamu katika miaka ya 1970 na kuandika juu ya uhifadhi wake. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na ukuta wa aina hiyo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi akiupiga lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya chini ya lipu, huganda na kuusukuma uso wa ukuta mpaka ubanduke, na ncha za boriti huoza bila kuonekana. Majengo mengi yamedhoofishwa na matengenezo yaliyofanywa kwa nia njema. Beit el-Ajaib, kasri la Zanzibar la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, likiwa katikati ya matengenezo.

Mwaka 1998 ICCROM, UNESCO na CRAterre walizindua mpango ulioitwa AFRICA 2009, ambao kozi zake zilifanyika kwa Kiingereza Mombasa na kwa Kifaransa Porto-Novo nchini Benin. Huu ndio uliokuwa mgeuko mkubwa, kwani shule ilihamia penye majengo, na mwashi wa chokaa akakaa upande wa walimu. Mkongo, kwa sababu ya lugha ya masomo, alielekezwa Porto-Novo, ingawa kutoka Butembo Mombasa iko karibu zaidi.

Karibu kuliko zote ni Kampala, kupitia mpaka wa Kasindi. Hapo, juu ya kilima cha Kasubi, ndipo palipo Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, ambamo yeye na makabaka wengine watatu wa baada yake wamezikwa. Iliteketea tarehe 16 Machi 2010. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, kwa sababu paa lake la pete 52, zinazowakilisha koo za Baganda, huezekwa na mafundi wa ukoo wa Ngeye kwa miiko yao, na kasi ya kazi haikuweza kuamuliwa na ratiba ya mkandarasi. Japani, ambayo yenyewe hulinda vijiji vya nyasi kama Shirakawa-go, ilisaidia katika kinga ya moto. Wahandisi walikuwa na kazi yao, mafundi wa ukoo walikuwa na yao, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Butembo ina vyuo vinavyofundisha ujenzi, na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kipo tangu 1989. Zoezi la msingi la elimu hii linawezekana hata kule Kipese bila maabara: kupima jengo moja zima, kanisa la matofali au kyaghanda, kwa utepe, timazi na uzi, na kuchora kila ukuta jinsi ulivyo, pamoja na mpindo na nyufa zake, huku fundi mzee akieleza kwa nini mti huu uliwekwa hapa. Mchoro huo hutangulia mfuko wa kwanza wa saruji, kwa kuwa baada ya lipu kupigwa hakuna tena atakayeweza kuona ukuta uliomo ndani umejengwaje.