Nyumba ya mizuka na minyororo yake: kutoka Athens hadi Ohio

1. Utangulizi

Katika masomo ya fasihi, hadithi ya nyumba yenye mizuka huwekwa kando mara nyingi, kana kwamba kazi yake ni kuwatia watoto woga tu kabla ya kulala. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hadithi ya namna hiyo ina historia ndefu, na kwamba tangu mwanzo inauliza swali zito: ni nani aliyefichwa chini ya nyumba hii, na ni nani aliyemfunga? Kwa ajili hiyo zitachunguzwa nyumba tatu: moja ya Ugiriki ya kale, moja ya Uingereza, na moja ya Marekani iliyoandikiwa watoto wakubwa, wa umri wa miaka kumi na zaidi.

Yafaa kwanza kutenganisha maneno mawili. Mzimu ni roho ya mzee aliyekufa na kuzikwa kwa heshima. Jamaa zake wanamjua kwa jina, humtambikia na kumwomba baraka. Mzuka, kama kitenzi kuzuka kinavyodokeza, ni kile kinachotokea ghafula pasipo kuitwa. Mzimu una ukoo. Mzuka hauna mtu wa kuutaja. Tofauti hiyo itasaidia kuzielewa hadithi zote tatu.

2. Nyumba ya Athens

Plinius Mdogo, mwandishi na mtawala wa Kirumi, alimwandikia rafiki yake Sura barua, mwanzoni mwa karne ya 2, akimwuliza kama mizuka ipo kweli. Humo alisimulia habari za nyumba kubwa ya Athens ambayo watu waliikimbia. Usiku ilisikika sauti ya chuma, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Halafu alitokea mzee aliyekonda, mchafu, mwenye ndevu ndefu na nywele zilizosimama, pingu miguuni na minyororo mikononi, akiitikisa. Wenyeji walikosa usingizi, wakaugua, wakafa. Nyumba ikabaki tupu, na tangazo likatolewa kwamba inauzwa au kupangishwa.

Mwanafalsafa Athenodorus alisoma tangazo hilo, na bei ndogo ikamtia shaka. Aliuliza, akaambiwa yote, akaipanga vivyo hivyo. Jioni aliwapeleka watu wake vyumba vya ndani, akabaki peke yake sehemu ya mbele na taa, kalamu na vibao vya kuandikia. Minyororo ikalia, hakuinua macho. Ikalia mlangoni, kisha chumbani. Alipotazama, mzuka ulikuwa umesimama ukimwita kwa kidole. Akauashiria ungoje kidogo, akarudia kuandika, nao ukaitikisa minyororo juu ya kichwa chake. Ndipo aliposhika taa na kuufuata. Ulikwenda polepole, kama mtu aliyelemewa na mzigo, hata ulipofika uani ukatoweka. Akaweka nyasi na majani mahali pale. Kesho yake aliwashauri wakuu wa mji wachimbe, ikaonekana mifupa iliyosokotana na minyororo. Ilikusanywa, ikazikwa kwa gharama ya mji, na nyumba ikatulia.

Plinius hataji jina la marehemu wala la aliyemfunga. Ikumbukwe tu kwamba katika Ugiriki na Roma pingu zilikuwa za wafungwa na za watumwa. Katika karne hiyo hiyo Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki, aliichukua hadithi kama hiyo, akaiweka Corinth na kuifanya kichekesho cha kuwadhihaki waongo. Lakini mpango wake ulikuwa umekwisha kukamilika: kelele, woga, mtu anayethubutu kufuata, uchimbaji, maziko.

3. Jumba la Canterville

Mwaka 1887 Oscar Wilde, mzaliwa wa Ireland, alichapisha The Canterville Ghost, hadithi ambayo tangu hapo imesomwa sana na vijana. Familia ya Kimarekani iitwayo Otis inanunua jumba la kale huko Uingereza. Mzuka wa Simon de Canterville, aliyemwua mke wake mwaka 1575, unatembea humo usiku na minyororo yake. Baba mwenye nyumba anaupatia mafuta ya kulainisha chuma ili watu wapate kulala, na mapacha wake wanaurushia mito. Woga umegeuka kicheko.

Hata hivyo mwisho wake ni ule ule wa Athens. Binti Virginia, mwenye umri wa miaka 15, anakubali kumsikiliza marehemu. Katika chumba cha siri inapatikana mifupa iliyofungwa ukutani kwa mnyororo, sahani na chombo cha maji vikiwa mahali ambapo mkono haukuweza kufika: Simon aliuawa kwa njaa na shemeji zake. Anazikwa, na jumba linatulia. Jambo jipya ni kwamba aliyeufuata mzuka safari hii ni kijana, wala si mwanafalsafa, na alichohitaji zaidi ni huruma.

4. Nyumba ya Dies Drear

Mto Ohio ulikuwa mpaka. Kusini yake, katika Kentucky, utumwa ulikuwa halali. Kaskazini, katika jimbo la Ohio, ulikatazwa. Katika mji wa Ripley, mchungaji John Rankin aliweka taa katika nyumba yake iliyo juu ya kilima, ili watoro waione wakiwa ng'ambo ya mto. Sheria ya mwaka 1850 iliweka faini ya hadi dola 1000 na kifungo cha hadi miezi 6 kwa mtu aliyewaficha. Nyumba yenye siri, basi, haikuwa njozi ya watunzi peke yao.

Virginia Hamilton alizaliwa Ohio, katika mji wa Yellow Springs, mwaka 1934. Babu yake mzaa mama, Levi Perry, alitoroshwa utumwani alipokuwa mtoto. Mwaka 1968 Hamilton alichapisha The House of Dies Drear. Thomas Small, mvulana mweusi wa miaka 13, anahama North Carolina pamoja na wazazi wake na kuingia katika nyumba kubwa iliyopangwa na baba yake, mwalimu wa historia. Zamani ilikuwa kituo cha kuwaficha watoro. Dies Drear, mwenye nyumba, aliuawa kwa sababu ya kuupinga utumwa. Watoro wawili waliuawa vilevile, na watu husema kwamba bado wanatembea humo. Kuta zinafunguka, njia zinapita chini ya ardhi, na mzee Pluto, mwangalizi wa mahali hapo, anamtisha Thomas kuliko wafu. Mwishowe yabainika kwamba Pluto analinda pangoni hazina iliyoachwa na Drear.

Hapa hadithi inavuka mpango wa Plinius. Mifupa ya Athens ilizikwa na mji ukapumzika, bila mtu kuuliza mnyororo ulikuwa wa nani. Huko Ohio wafu wana historia inayojulikana, na kilichofichwa ni urithi unaodai warithi. Hamilton alipata tuzo ya kimataifa ya Hans Christian Andersen mwaka 1992, na alifariki mwaka 2002.

5. Hitimisho

Kwa msomaji wa Kiswahili wa Kongo jambo hili liko karibu. Lugha hii ilienea Maniema na Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Nyangwe na Kasongo zilikua kwa biashara hiyo. Waliofungwa minyororo njiani na kufa pasipo kuzikwa hawakupata nafasi ya kuwa mizimu ya mtu yeyote. Mzazi au mwalimu anayeona kwamba habari hizo ni za kutisha mno kwa mtoto wa miaka kumi na miwili na azitazame tena hadithi hizi tatu. Katika kila moja woga unakoma pale mtu anapokubali kufuata na kuona. Walioikimbia nyumba ya Athens waliondoka na woga wao. Fasihi ya watoto katika Kiswahili ina haki ya kuingia katika nyumba za namna hiyo, na watoto wana haki ya kupewa taa.