Ufuatiliaji wa lishe Dzaleka

Ufuatiliaji wa lishe Dzaleka ni upimaji na uboreshaji wa ulaji wa kila siku katika kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, Malawi. Kambi hiyo, iliyowahi kuwa gereza, ilifunguliwa mwaka 1994. Wakazi wake wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Malawi imekwisha kuona madhara ya mgao wa chakula uliopungukiwa na virutubisho. Mwaka 1990, karanga zilipoadimika katika chakula cha wakimbizi wa Msumbiji, zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra, maradhi ya ukosefu wa niasini ambayo huchubua ngozi inayopigwa na jua.

Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzingo wa mkono kwa utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 12.5 ni salama.

Jikoni, kipimo ni makundi 6 ya vyakula yanayofundishwa Malawi: wanga, jamii ya kunde na karanga, mboga, matunda, vyakula vya wanyama, na mafuta. Ugali, sombe (majani ya muhogo) na usipa (dagaa wa Ziwa Malawi) hugusa matatu. Sombe ikiungwa kwa karanga na mawese, yanakuwa matano. Embe hukamilisha la sita.