Starehe na Asili ya Wahitimu Kujitolea Mashariki mwa Nairobi

Baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, karakana na viwanda vilikua kusini mashariki mwa mji, katika eneo liitwalo Industrial Area, na wafanyakazi Waafrika wakapangishwa jirani, katika mitaa kama Muthurwa na Makongeni, ambako makazi mengi ya awali yalikusudiwa wanaume wasio na familia, ijapokuwa Kaloleni ya miaka ya 1940 ilijengwa kwa kuzizingatia familia. Serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi kuwa mpita njia, na kwa sababu hiyo shule za watoto wake zilibaki chache.

Upungufu huo uligeuka kuwa maafa wakati wa Hali ya Hatari, yaani utawala wa amri kali uliotangazwa Oktoba 1952 ili kuzima vita vya Mau Mau. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi kwa maelfu na kuwapeleka kizuizini, na watoto wengi waliopoteza wazazi au makao katika miaka hiyo wakaishia mitaani.

Kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, tarehe 14 Novemba 1959, Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walifungua kituo cha Starehe, karibu na Kariokor na Pumwani, kikiwa na vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Kituo hicho kilikua hadi kuwa shule ya kitaifa ambayo wanafunzi wake wengi, wakiwa ni watoto wa maskini, wamesoma bila kulipa karo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika shule nyingi mhitimu hukumbuka shule yake baada ya kufanikiwa, na mchango wake huwa jengo au kitita cha fedha. Starehe ilianza mapema zaidi, kwa kuwazoeza wanafunzi huduma ya kujitolea, maana yake kazi ifanywayo pasipo mshahara, katika hospitali, shule na ofisi za umma wakati wa likizo na baada ya mtihani wa mwisho. Aliyesomeshwa na wafadhili asiowajua alitakiwa kuwahudumia wengine ambao naye hakuwajua, na kwa mpango huo deni halikurudi kwa mfadhili bali lilisonga mbele, jambo ambalo ni la haki zaidi kuliko kumdai kijana fukara shukrani ya fedha.

Haikuwa sadfa kwamba Griffin huyohuyo aliongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa tangu ilipoanzishwa mwaka 1964, kwa kuwa taasisi zote mbili ziliiona kazi ya kujitolea kuwa sehemu ya malezi. Alifariki Juni 2005, mwaka uleule ambao Starehe ya wasichana ilianza kupokea wanafunzi.

Hata hivyo, gharama ya utaratibu huu isipuuzwe. Kijana wa Makongeni au wa mtaa wa mabanda wa Mukuru anayemaliza shule husubiriwa nyumbani na wadogo zake na kodi ya nyumba, na miezi anayoitoa bure hospitalini ni miezi ambayo angeweza kupanga foleni alfajiri kwenye lango la kiwanda akitafuta kibarua, hivyo mchango wake hutoka pia katika mfuko wa mama yake.