Ubao Unaopeleka Mshipi Pembeni: Samaki, Biashara na Maziwa Makuu ya Marekani

Ndugu mvuvi, nawe mchuuzi unayesubiri mitumbwi alfajiri pale mwaloni, leo tunaacha mabwawa na chanjo za kuku, tunakwenda kwenye maziwa matano yaliyopo Marekani na mpakani mwake na Kanada. Kubwa kuliko yote linaitwa Superior, lina kilomita za mraba zipatazo 82,000. Ziwa Victoria ndilo linalolifuata duniani kwa upana miongoni mwa maziwa ya maji baridi, likiwa na 68,000 na ushee. Kwa hiyo usidhani nakusimulia habari za bwawa.

Kule kuna uvuvi wa kukokota mshipi. Nasema mshipi na ndoano, si kokoro, tusije tukapelekana polisi. Boti inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, huku mishipi yenye chambo cha bandia ikifuata nyuma. Tabu yake ni mbili. Mishipi sita nyuma ya boti moja hujisokota. Halafu samaki aliye karibu na uso wa maji husikia injini na kuona kivuli, akakwepa kabla chambo hakijamfikia.

Dawa yake ni ubao. Chukua kipande cha mbao chenye ncha iliyokatwa mshazari, kisimame wima majini, kifungwe kamba mahali ambapo maji yatakisukuma upande mmoja. Boti ikienda mbele, ubao haufuati nyuma. Unakwenda pembeni, kama tiara inavyopandishwa na upepo, ila huu unapandishwa na maji. Mshipi unabanwa kwenye ubao kwa kibanio. Samaki akivuta, kibanio kinaachia, au ubao unarudi nyuma na mvuvi anajua ameshapata. Kwa mbao za kushoto na kulia, boti ndogo inapitisha chambo kwenye eneo pana la makumi ya mita, mahali ambapo injini haijapita kabisa.

Wazo hilo ni la zamani kuliko injini. Uingereza na nchi za kaskazini mwa Ulaya watu walitembea ukingoni mwa ziwa wakiongoza ubao wenye uzito upande wa chini, umefungwa mshipi wenye ndoano nyingi. Waliuita kwa jina la fisi maji, yule yule mwizi wa samaki unayemfahamu. Jina lilistahili, maana ubao ule ulikuwa rafiki wa wezi wa samaki katika maziwa ya wenye mali, na sheria ya uvuvi ya Uingereza na Wales ya mwaka 1975 inautaja waziwazi kati ya zana zilizopigwa marufuku. Hata zile mbao mbili zinazotanua mdomo wa nyavu za meli za kuvuta zinatumia nguvu hiyo hiyo ya maji, na jina lake la Kiingereza ni hilo hilo la fisi maji.

Lakini kilichoufanya ubao huo uwe wa kawaida katika Maziwa Makuu ni msiba, na hapo ndipo nataka unisikilize.

Samaki mkubwa wa asili kule alikuwa trauti wa ziwa. Wavuvi wa nyavu wa Marekani na Kanada walikuwa wakivua katika maziwa matatu ya juu, yaani Superior, Michigan na Huron, karibu tani 6,800 kwa mwaka. Juu ya ziwa Ontario kuna maporomoko ya Niagara yaliyozuia viumbe wa baharini kupanda juu. Mwaka 1829 ulifunguliwa mfereji wa Welland ili meli ziyazunguke maporomoko, na baadaye ukapanuliwa. Meli zikapita, na mgeni naye akapita: lampri, mnyama mwenye umbo la mkunga asiye na taya, ambaye hujibandika ubavuni mwa samaki na kumnyonya damu. Mwaka 1921 alionekana ziwa Erie, na kufikia 1938 alikuwa amefika Superior. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 trauti waliovuliwa hawakufika hata tani 140. Soma tena tarakimu hizo mbili polepole, kama unavyosoma daftari la mauzo.

Nchi hizo mbili ziliunda tume ya pamoja ya uvuvi mwaka 1955, na wataalamu walijaribu maelfu ya kemikali mpaka wakapata moja inayoua watoto wa lampri mitoni bila kuangamiza samaki wengine. Lampri wakapungua. Ila ziwa halikubaki tupu kuwasubiri trauti. Samaki mdogo wa baharini aitwaye alewife, wa ukoo wa karibu na dagaa wa Ziwa Tanganyika, alikuwa amekwisha kujaa, kwa sababu hakukuwa na wa kumla. Mwaka 1967 walikufa kwa wingi wa kutisha, wakaoza kwenye fukwe za ziwa Michigan, na mjini Chicago wakaziba mabomba ya kuvutia maji.

Aliyewatazama alewife hao akaona chakula alikuwa Howard Tanner, mkuu wa uvuvi wa jimbo la Michigan. Alileta mayai ya samoni aina ya coho kutoka Oregon, pwani ya Pasifiki, na mwaka 1966 vifaranga vyake wakaachiwa kwenye mito inayoingia ziwa Michigan. Mwaka uliofuata wakaja samoni wakubwa zaidi, aina ya chinook. Coho walinenepa kwa alewife kwa kasi ya ajabu. Msimu wa vuli wa 1967 watu walifurika kwenye vijiji vya ufukweni na vyombo vya kila namna, vingine vya kufaa kidimbwi tu. Tarehe 23 Septemba dhoruba iliwakuta majini, watu saba wakafa.

Homa ile haikupoa. Biashara ikazaliwa: boti za kukodi, mafuta, barafu, vitanda, chambo, chai ya asubuhi. Kwa kuwa samoni hufukuza alewife maji mapana, kumpata ni lazima utembeze mishipi mingi, na ubao wa pembeni ukawa kifaa cha kila boti ya maana. Miaka ya mwisho ya 1980 kome wadogo wenye milia waliletwa ndani ya maji ya kusawazishia meli. Kome hao huchuja maji mpaka yakawa meupe. Maji yakitakata, samaki anaiona boti mapema zaidi, na thamani ya ubao ikapanda tena.

Sasa jiulize, nani alinufaika? Samoni waliwekwa kwa ajili ya watu wa fimbo na mapumziko. Wavuvi wa nyavu, wale wanaofanana zaidi na wewe, walibanwa kwa masharti, wengi wakaacha. Waojibwa na Waodawa, wenyeji wa ziwa, walikataa. Walikuwa na mkataba wa mwaka 1836 uliowaachia haki ya kuvua, na mwaka 1979 mahakama ikaamua kwamba haki hiyo ingali hai. Mimi nadhani uamuzi ule ulikuwa wa haki, ingawa wenye boti za kukodi walinung'unika sana. Karatasi iliyotunzwa kwa zaidi ya miaka 140 ndiyo iliyowarudisha ziwani. Nawe, nyaraka za kikundi chako ziko wapi?

Turudi kwa samoni. Uchumi mzima wa bandari zile ulisimama juu ya mgongo wa samaki mmoja mdogo. Katika ziwa Huron samoni walianza kuzaana wenyewe mitoni, wakawa wengi kuliko hesabu ya vifaranga vilivyopandikizwa. Wakati huo huo kome walikuwa wakila vijimea na vijidudu vinavyolisha alewife. Mwaka 2003 na 2004 alewife wa Huron wakaporomoka, na samoni wakafuata. Katika miji midogo ya upande wa Michigan, watu waliokuja na fimbo zao na pesa zao hawakurudi. Mwenye duka la chambo hakuwa amekosea hesabu za duka lake. Hesabu iliyomwangusha ilikuwa chini ya maji.

Unaona kwa nini nimekutoa mbali hivi. Sangara naye ni wa kupandikizwa, aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Alimaliza furu wengi, kisha akaegemea dagaa, uduvi na watoto wake mwenyewe. Ukinunua sangara kwa kilo, muulize mvuvi amekuta nini tumboni mwake. Ukiona kila mara ni sangara wadogo watupu, andika tarehe kwenye daftari lako na umwambie afisa uvuvi wa kata.

Kule Huron, alewife walipotoweka, jambo jingine lilitokea. Alewife walikuwa wakila vifaranga vya samaki wa asili, na trauti aliyewala sana alikosa vitamini, vifaranga vyake wakafa. Walipoondoka, trauti wakaanza kuzaana tena. Katika ghuba ya Saginaw, samaki wa asili aitwaye walleye aliongezeka kiasi kwamba jimbo liliacha kupandikiza vifaranga vyake mwaka 2006. Bei yake ya kumkodia boti si ile ya samoni, na wageni wake ni wachache zaidi. Wenye boti waliobaki walipunguza mwendo, wakabadilisha chambo, wakazifunga mbao zile zile.