Malale: Jina la Ugonjwa na Historia Yake Ufipa

Wafasiri wengi huliona neno malale kuwa jepesi, kwani asili yake yaonekana wazi katika kitenzi kulala. Tunakusudia kuonyesha kuwa wepesi huo una hatari yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huu uliua watu wakadiriwao kuwa robo milioni nchini Uganda. Kufikia mwaka 1903 Castellani alikwisha kuona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na Bruce akaonyesha kuwa mbung'o ndiye mwenezaji. Baadaye ugonjwa ulienea katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao kusini-mashariki ndio mpaka wa Ufipa. Serikali ya Kijerumani, iliyokuwa na boma Bismarckburg, yaani Kasanga, ilianzisha kambi za matibabu kandokando ya ziwa. Mbung'o wa ziwani hupenda vichaka vyenye kivuli karibu na maji. Hivyo waliohatarishwa zaidi ni wavuvi, wachota maji na wapiga makasia, kuliko wakazi wa uwanda wa juu wa Sumbawanga.

Ili kuwatafuta wenye ugonjwa, waganga walipapasa tezi za shingo, kisha wakachunguza majimaji yake kwa hadubini. Wengi waliogunduliwa hivyo hawakuwa wakisinzia. Walikuwa wakilima na kuvua kama kawaida. Usingizi huja baadaye, vimelea viingiapo katika ubongo. Basi mwanakijiji aambiwaye aende kwa mganga "akipata malale" atangoja usingizi, na atakapokwenda atakuwa amechelewa. Tena dawa ya atoksili, iliyotumiwa na Koch katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Ni vigumu kumshawishi mtu ajionaye mzima aikubali dawa ya namna hiyo, hasa ikiwa jina la ugonjwa lenyewe lamwambia kuwa hanao.

Kosa la pili limo katika kitenzi kuambukiza. Ndui ilikuwa ikimtoka mtu na kumwingia jirani yake. Malale kwa kawaida hupitia kwa mbung'o, na mwaka 1909 Kleine alionyesha kuwa vimelea hukua kwanza ndani ya mdudu huyo kwa siku zipatazo 20. Kuandika kwamba mgonjwa "humwambukiza" mwenziwe ni kuwafanya watu wamkimbie mgonjwa na kumsahau mbung'o.

Kwa hiyo twapendekeza jina malale libaki, maana limekwisha kuzoeleka. Lakini matangazo na vitabu vya shule vitenge mwenye vimelea na mgonjwa aliyekwisha kulemewa, na kitenzi kueneza kitumiwe kwa mbung'o.