Muuza Kitani wa Delft

Tarehe 24 Aprili 1676, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek, alichukua tone la maji aliyolowekea pilipili manga, akalitazama kwa chombo alichokiunda kwa mkono wake. Hakuwa akitafuta kiumbe. Alitaka kujua jambo ambalo hata mpishi wa pwani angeliona la haki kuulizwa: ukali wa pilipili watoka wapi? Alidhani huenda punje zina vijimiba vinavyochoma ulimi. Miba hakuiona. Aliona umati wa viumbe wadogo mno, wakienda na kurudi, wakipishana ndani ya tone lile kama watu sokoni. Leo twajua kwamba baadhi yao walikuwa bakteria, na kwamba hakuna jicho la mwanadamu lililowahi kuwaona kabla ya siku zile.

Ni vyema kumjua mwenye jicho hilo. Leeuwenhoek alizaliwa Delft mwaka 1632, mtoto wa msukaji wa vikapu. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya kitani, kisha akarudi kwao kufungua duka. Chuo kikuu hakukiona. Kilatini, lugha ya wanazuoni wote wa Ulaya wa zama zile, hakukijua. Alijua Kiholanzi cha mitaani kwao tu. Lakini duka la vitambaa lina elimu yake. Muuza kitani hupima ubora wa nguo kwa kuhesabu nyuzi, na nyuzi huhesabiwa kwa kioo cha kukuzia. Mazoea hayo ya kuhesabu kwa subira yalimfaa kuliko Kilatini.

Hadubini zake hazikufanana na hizi za maabara za leo. Kila moja ilikuwa mabamba mawili madogo ya shaba au fedha, na kati yake lenzi moja, ndogo kuliko punje ya uwele. Mtazamaji alikisogeza chombo hadi karibu kukigusa jicho, akakielekeza penye mwanga. Iliyo bora kati ya zilizobakia hukuza vitu zaidi ya mara 260. Aliunda takriban 500 katika maisha yake, na namna ya kutengeneza lenzi zake kali kupita zote hakumwambia mtu. Siri hiyo ilidumu karne tatu. Mwaka 2021 watafiti waliipenyeza miale ya nyutroni ndani ya hadubini yake iliyohifadhiwa Utrecht bila kuifungua, wakagundua kwamba lenzi ni kijitufe cha kioo kilichoyeyushwa motoni. Mbinu ya namna hiyo Robert Hooke wa London alikuwa ameshaieleza waziwazi katika kitabu chake *Micrographia* cha mwaka 1665.

Hooke ndiye aliyelipa tundu dogo la gamba la mti jina la Kilatini lenye maana ya kichumba, jina ambalo baadaye likawa la seli zote. Leeuwenhoek hakuwa na hazina hiyo ya maneno. Alipotakiwa kusema ameona nini, alitumia neno la nyumbani kwao: wanyama wadogo, kwa kijineno cha kudunisha ambacho Mholanzi hukitumia kama Mswahili atumiavyo *kiji-*. Kwa nini wanyama, wala si chembe au vumbi? Kwa sababu walikwenda. Hiyo ndiyo hoja yake yote. Kitu kinachokwenda kwa hiari yake, kikageuka na kukwepa, ki hai. Na alipotia siki, mwendo ukakoma. Kilichokufa kilikuwa hai.

Barua zake zilipelekwa London, kwenye Royal Society, jumuiya ya wanazuoni iliyoasisiwa mwaka 1660. Huko zilipokewa na katibu wake, Henry Oldenburg, aliyezifasiri kwa Kiingereza na kuzifupisha. Hivyo habari ya viumbe wale iliufikia ulimwengu kwa ulimi wa mfasiri. Barua ya Oktoba 1676 ilipochapishwa mwaka uliofuata, wengi walisita. Mwenye duka asemaye kwamba tone moja lina viumbe maelfu kwa maelfu, aaminiweje? Leeuwenhoek akapeleka ushahidi wa watu wanane wa heshima, wakiwamo viongozi wa kanisa, waliotazama na kukiri. Lakini lililokata shauri ni jaribio. Novemba 1677 Hooke aliloweka pilipili yake mwenyewe, akawaonyesha wenzake viumbe walewale. Mwaka 1680 muuza kitani akachaguliwa kuwa mwanajumuiya.

Aliendelea kuandika kwa karibu nusu karne. Mwaka 1683 alieleza utando mweupe alioukwangua katika meno yake, naye alikuwa mtu wa kuyasugua kwa chumvi kila asubuhi. Ndani yake alikuta viumbe ambao kwa hesabu yake waliwazidi watu wote wa nchi yake. Mwaka 1702 alieleza jambo la ajabu zaidi. Alitwaa vumbi kavu la mfereji wa paa, akalitia maji, na baada ya muda mfupi viumbe waliokuwa wamenyauka wakajinyoosha na kuogelea. Vumbi hilo lilikuwa limekaa kavu kwa miezi. Hapa hoja yake mwenyewe ilimrudia. Ikiwa mwendo ndio uhai, viumbe hao walikuwa nini walipokuwa wakavu? Hawakuwa wakienda, hawakula, hawakukua. Wala hawakuwa wamekufa. Sayansi ya leo inao wengi wa namna hiyo, na bado huona taabu kuuchora mpaka.

Alifariki Agosti 1723, akiwa na miaka 90. Hata kitandani, alimwomba rafiki azitie katika Kilatini barua zake mbili za mwisho zipelekwe London. Hadubini 26 za fedha alizowausia wanajumuiya zilipotea katika karne ya 19.

Miaka kumi na miwili baada ya kifo chake, Msweden Carl Linnaeus alianza kuchapisha kitabu cha kuwapanga viumbe wote, *Systema Naturae*. Ulimwengu wa Linnaeus ulikuwa na himaya tatu. Mawe hukua, mimea hukua na kuishi, wanyama hukua, huishi na kuhisi. Kila kiumbe alikipa majina mawili ya Kilatini, la jamaa na lake binafsi, na utaratibu huo unatumika hadi leo. Lakini kwa viumbe wa Leeuwenhoek mpangaji mkuu alikwama. Katika toleo la 12, lililotoka kuanzia mwaka 1766, aliwatia mwisho kabisa wa kundi la minyoo, chini ya jina la *Chaos*, yaani vurugu. Yule asiyekuwa na Kilatini aliwaona kila mmoja na umbo lake. Yule aliyekuwa bingwa wa Kilatini akawafungia wote katika gunia moja.

Mdenmark Otto Friedrich Müller ndiye aliyelifungua gunia hilo. Katika karne hiyohiyo alianza kuwatenga mmoja mmoja, na kundi moja akaliita *Vibrio*, kutokana na neno la Kilatini la kutikisika. Kwa mara nyingine mwendo ukatoa jina. Kwa msomaji wa visiwani jina hilo si geni kwa maana, ijapokuwa ni geni kwa sauti, kwani ndilo la kijidudu cha kipindupindu.

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar na kuua watu wengi. Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani, alitoa kitabu mwaka 1876 akifuata nyayo za maradhi hayo kutoka bara hadi Pangani, na kutoka Pangani hadi Unguja, njia kwa njia na chombo kwa chombo. Aliweza kutaja njia. Muuaji hakuweza kumtaja. Hata hivyo muuaji alikuwa ameshaonekana. Filippo Pacini wa Florence alimwona kwa hadubini mwaka 1854, akamwita *Vibrio*, na karibu hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa wakubwa wa tiba waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1884, Robert Koch alipotoa habari za utafiti wake wa Misri na Calcutta. Kati ya jicho la Pacini na sikio la dunia ilipita miaka 30, na maziko ya Unguja yamo ndani ya miaka hiyo.

Tangu Linnaeus himaya zimekuwa zikiongezeka. Mwaka 1866 Ernst Haeckel alipendekeza ya tatu kwa viumbe wasio mimea wala wanyama. Mwaka 1969 Robert Whittaker alihesabu tano, akiwapa kuvu himaya yao. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha maandishi ya kinasaba ndani ya chembe, wakaonyesha kwamba baadhi ya walioitwa bakteria si bakteria kamwe. Ikawa sehemu kubwa ya mti wa uhai imo katika lile gunia la vurugu, na tembo na mbuyu ni matawi mawili tu ya pembeni.

Kiswahili nacho kina himaya zake, nazo ni ngeli. Lugha hii haikungoja Linnaeus kuuliza kipi ki hai. Kipepeo ana kiambishi cha *ki-*, lakini huruka kwa *a-*, kiboko vilevile. Pumzi hushinda umbo. Mti nao u hai, lakini hukua kwa *u-*, kwa kuwa hauendi. Basi kijidudu je? Kalamu moja huandika *vijidudu hawa*, nyingine *vijidudu hivi*, na zote mbili husomwa katika magazeti. Bakteria *wanaishi* au *zinaishi*? Virusi, asiyekula wala kupumua, asiyezaana ila ndani ya chembe ya mwingine, *anaingia* mwilini au *kinaingia*?

Vitabu vya shule hujibu kwa kuhesabu sifa saba: kujongea, kupumua, kula, kukua, kuhisi, kuzaana na kutoa takamwili. Hesabu hiyo ni nzuri, na mwanafunzi aishike. Lakini vumbi la mfereji wa Delft halikuwa na hata moja ya hizo kwa jicho la mtazamaji, hadi lilipotiwa maji. Afasiriye habari za viumbe hao kwa Kiswahili hawezi kulikwepa swali. Kila kitenzi chamtaka achague, *a-* au *ki-*. Muuza kitani alichagua siku ya kwanza, kwa tone moja la maji ya pilipili: aliwaita wanyama, kwa sababu aliwaona wakienda.